Ukame si Dharura, ni Miadi. Acheni Kujifanya Mmeshtuka

Kila usiku habari zikiisha, mtu wa hali ya hewa anasimama mbele ya ramani ya Kenya na kutuzungusha nchi nzima. Nairobi mawingu asubuhi, jua mchana, manyunyu jioni. Kisumu radi. Mombasa upepo wa bahari. Halafu mkono unapita haraka juu kulia, Mandera, Wajir, Garissa, majua matatu ya njano yamepangwa kama mayai kwa trei, na sentensi moja tu: "Huko ni jua na joto." Basi. Twende michezo.

Kaunti hizo tatu ukiziweka pamoja ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya ardhi ya Kenya. Moja kwa tano ya nchi, sekunde nne.

Kisha kila baada ya miaka michache tunapewa dakika kumi nzima, bila kuomba. Kamera inashushwa karibu na mzoga wa ng'ombe. Mtangazaji anapunguza sauti. Mwanasiasa aliyevaa jaketi la mifuko mingi anasimama kando ya lori la unga, mkono kiunoni. Na neno moja linarudiwa mpaka linaisha ladha: dharura, dharura, dharura.

Wasee, tuelewane. Dharura ni moto kushika nyumba ya jirani usiku wa manane. Dharura ni matatu kukatika breki kwa mteremko. Kitu ambacho kilipigiwa hesabu, kikaandikwa, kikatumwa kwa kila ofisi inayohusika miezi mitano kabla hakiitwi dharura. Kinaitwa miadi. Na kama ulijua siku ya miadi na hukutokea, usiseme umepatwa na janga. Sema ulikataa kuja.

Hiyo ndiyo point yangu leo, na nitaitetea mpaka mwisho. Njaa ya Kaskazini Mashariki haitokani na kukosa habari. Inatokana na watu wenye habari na pesa kukaa nazo mpaka wanyama waanze kuanguka, ndiyo waonekane wakiokoa.

Misimu yetu ina majina

Mtu wa Nairobi ukimuuliza misimu atakuambia kuna jua, kuna matope, na kuna ile Julai ya kuvaa sweta mbili. Sawa. Sisi tuna misimu minne na kila mmoja una jina lake kwa Kisomali, na mtoto wa miaka saba anayajua kabla hajajua majina ya kaunti 47.

Gu ni mvua za Machi hadi Mei. Inaanza kwa kujivuta, lakini Aprili ikikubali, ardhi nyekundu uliyodhani imekufa inageuka kijani kwa wiki moja, walahi wiki moja tu. Maziwa yanakuwa mengi mpaka watu wanagawa. Harusi nyingi zinafanyika. Halafu inakuja Hagaa, Juni mpaka Septemba, kavu, upepo wa kusukuma vumbi. Bado kuna nyasi zilizobaki, bado mtu anapumua. Halafu Deyr, Oktoba mpaka Desemba. Nyinyi mnaiita mvua ya vuli, mvua fupi. Kwetu si fupi wala ndogo, ni nusu ya mwaka wetu. Garissa yote hupata milimita 300 na kitu za mvua kwa mwaka mzima, wakati Nairobi inakaribia 1,000. Ukikosa Deyr umekosa nusu ya kidogo ulichonacho.

Halafu inakuja Jilaal. Januari mpaka mvua zirudi. Nyuzijoto zinapanda mpaka 35 na zaidi. Malambo yanageuka matope, matope yanageuka nyufa. Ngamia anatembea kilomita nyingi kati ya nyasi na maji kwa sababu viwili hivyo havikai tena mahali pamoja. Nyanya yangu, tunamwita ayeyo, huwa anasema Jilaal haijawahi kuchelewa hata siku moja, ni mvua tu ndizo zina tabia ya kuchelewa.

Sasa shika hii tofauti, kwa sababu ndiyo watu huchanganya. Jilaal si ukame. Jilaal ni kawaida, inakuja kila mwaka, na wafugaji wamejipanga nayo tangu enzi. Ukame ni pale Deyr inakataa, halafu Jilaal inakuta hakuna akiba ya nyasi wala maji. Yaani ukame wa Februari hautengenezwi Februari. Ulitengenezwa Oktoba na Novemba, mbele ya macho ya kila mtu.

Tunajua mapema. Tunajua vizuri sana.

Kuna mtu atasema, "Lakini nani angejua mvua itakosa?"

Bahari ingejua. Mvua za Deyr zinafuata joto la maji ya Bahari Hindi na Pasifiki. Pasifiki ikipoa kule katikati, ile hali inaitwa La Niña, mara nyingi sisi tunakauka. Ikipata joto, El Niño, na Bahari Hindi upande wetu nayo ikiwa na joto, tunafurika. Bahari hazibadiliki ghafla kama bei ya nyanya. Zinapoa na kupata joto polepole, kwa miezi, na zinapimwa kila siku. Ndiyo maana msimu wa Oktoba hadi Desemba ni kati ya misimu inayotabirika vizuri zaidi Afrika Mashariki. Kutabiri Gu ni ngumu. Kutabiri Deyr, watu wanajua kazi yao.

Na hao watu hawako Marekani. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, kinachoitwa ICPAC, kinahudumia pembe yote ya Afrika na kiko Ngong. Ngong! Unaweza kupanda matatu ukaenda. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti wanakutana na kutoa utabiri wa Deyr. Idara yetu ya hali ya hewa nayo inatoa wake. Kisha kuna NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, iliyo na sheria yake kabisa ya mwaka 2016. Kila mwezi inatoa taarifa ya kila moja ya kaunti 23 kame: mvua imefika kiasi gani, nyasi zikoje, maji yako umbali gani, mbuzi anauzwa bei gani sokoni, watoto wangapi wamepimwa mkono na kukutwa wamedhoofika. Kila mwezi! Bure! Iko kwa intaneti, hata bando ya bob ishirini inafungua.

Hesabu basi. Mwisho wa Agosti unaambiwa Deyr itakuwa mbaya. Wanyama wanaanza kufa kwa wingi Februari. Hapo katikati ni miezi mitano. Miezi mitano unaweza kuchimba, kutengeneza, kununua, kusafirisha, kulipa, hata kuoa na kualika watu.

Tulifanya nini na hiyo miezi?

Misimu mitano mfululizo

Deyr ya 2020 ilikosa. Gu ya 2021 ikakosa. Deyr ya 2021 ikakosa. Gu ya 2022 ikakosa. Deyr ya 2022 ikakosa. Mitano, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na onyo lake kwenye karatasi.

Ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Soma tena hiyo orodha uone tarehe hiyo inaangukia wapi. Misimu miwili tayari ilikuwa imeshakufa. Rais wa wakati huo hakuwa anatangaza kinachokuja, alikuwa anasoma kilichokwisha kutokea. Kufikia mwanzo wa 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa kwenye kaunti kame za Kenya na watu zaidi ya milioni 4 hawakuwa na uhakika wa chakula.

Na usinidanganye kwamba ilikuwa mara ya kwanza ndiyo tulikuwa tunajifunza. Mwaka 2011, wengi wenu mlikuwa nasari au darasa la kwanza, Wakenya walichanga pesa kwa simu, kampeni ikaitwa Kenyans for Kenya. Watu walitoa bob kumi, hamsini, mia, na nitawaheshimu milele kwa hiyo. Lakini maonyo ya ukame huo yalianza kutoka Agosti 2010. Oxfam na Save the Children waliandika ripoti nzima mwaka 2012 kuhusu kuchelewa huko. Miaka kumi baadaye, 2022, mashirika hayo hayo yakaandika ripoti ya pili yenye kichwa kile kile, namba mbili tu imeongezwa, kama filamu. Msee, ukiona ripoti ya kuchelewa ina sehemu ya pili, jua hakuna mtu aliyekuwa anasoma ya kwanza.

Nani anakula hapa? Fikiria tu. Boza la maji linalipwa kwa kila safari. Kisima kilichotengenezwa vizuri hakilipi mtu tena. Lori la unga lina tenda, lina dereva, lina bendera, lina picha. Mbuzi ambaye hakufa hana picha. Hakuna gavana aliyewahi kukata utepe mbele ya mbuzi mzima anayekula nyasi. Ndiyo maana pesa inapenda kufika ikiwa imechelewa, ikifika mapema hakuna wa kupiga makofi.

Na lori lenyewe likija, unajua linakuja lini? Mara nyingi linakuja mvua zikiwa zimerudi. Linakwama kwa matope. Na hapo ndipo watu wa mjini hawajui kitu kimoja: mvua ya kwanza baada ya ukame inaua. Mnyama aliyebaki mifupa ananyeshewa usiku mmoja, baridi inamuingia, asubuhi halii tena. Mfugaji amepambana miezi minane, anapoteza waliobaki siku ile aliyokuwa anaomba ifike.

Karo ya Januari

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa komenti kuna watu hupenda kunirushia hiyo, "aliyeshindwa na chuo anatufunza nini?" Sawa, wacha nikuambie vile mtu wa kwetu huacha chuo.

Akaunti ya benki ya mzee wangu ilikuwa na miguu minne. Ukitaka karo, unatoa mbuzi. Ukitaka karo kubwa, unatoa ngamia. Ni mfumo mzuri, akiba inazaa yenyewe na haina makato ya kila mwezi. Lakini karo inadaiwa lini? Januari. Muhula unaanza Januari, usajili unafungwa Januari. Na Januari ni Jilaal.

Januari 2022, baada ya Deyr ya pili kukosa, mzee alipeleka mbuzi sokoni. Mbuzi ambaye Oktoba angetoka na elfu saba alipewa bei ya elfu mbili, kwa sababu amekonda, na kwa sababu kila mzee mwingine alikuwa hapo na mbuzi wake na barua ya karo mfukoni. Wanunuzi hawakuwa na haraka yoyote. Siku hiyo hiyo, mita mia kutoka hapo, unga ulikuwa umepanda bei. Huo ndio ukame, sio ile nyufa ya ardhi mnayopigaga picha. Ukame ni kile unachouza kushuka na kile unachonunua kupanda, wiki moja.

Mkopo wa masomo ulilipa sehemu. Sehemu haikutosha. Yule dada wa ofisi ya karo hakuwa mtu mbaya, aliniongelesha vizuri kabisa. Alikuwa tu na kalenda yake, na kwa kalenda yake Jilaal haikuwemo. Hakuna aliyenifukuza. Niliishiwa na mbuzi.

Na usinihurumie, niko sawa, nina simu na nina mdomo. Muhurumie yule aliyekuwa nyuma yangu kwa foleni, wa udaktari.

Kisha mtu anasema "mvua zimerudi, sasa mko sawa." Ngamia anabeba mimba miezi kama 13. Ng'ombe tisa. Ndama akizaliwa leo, piga hesabu ni lini atatoa maziwa. Mvua ikirudi, nyasi zinarudi kwa wiki. Kundi linarudi kwa miaka. Na ukame mwingine hausubiri umalize kuhesabu.

Halafu maji yakaja

Sasa mseme ukame ni ngumu kuona kwa sababu unakuja polepole. Sawa. Mafuriko je?

Mwaka 2023 shirika la hali ya hewa duniani lilitangaza El Niño tangu Julai. Oktoba, rais akawaambia Wakenya kwamba wataalamu wamemhakikishia haitakuwa ile El Niño iliyokuwa inaogopwa. Novemba, Mandera ilikuwa ndani ya maji, Wajir ndani ya maji, na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatwa upande wa Madogo. Watu zaidi ya 100 walikufa kote nchini. Mifugo iliyokuwa imeponea ukame wa misimu mitano ilisombwa na maji. Fikiria uchungu wa hiyo. Unamlinda ngamia miaka mitatu dhidi ya kiu, halafu anazama.

Aprili 2024 barabara ikakatika tena pale pale. Watu wakalazimika kuvuka kwa boti, boti ikazama Madogo, watu wakafa. Pale pale! Miezi mitano baada ya mara ya kwanza.

Na mto Tana hautuvizii. Unatoka Mlima Kenya na Aberdare, unapita kwenye mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, kisha ndiyo unashuka kwetu. Mabwawa yakijaa, maji yanamwagika juu ya kingo, na yanachukua siku kadhaa kufika chini. Garissa inaweza kufurika bila tone moja kuanguka Garissa. Mvua ya Nyeri inakuja kutuvunjia nyumba wiki inayofuata. Huo ni utabiri ambao hata hauhitaji setilaiti, unahitaji mtu asimame Kiambere na simu ya kabambe.

Umeme wa hayo mabwawa unawasha taa zenu. Haina shida, washeni. Lakini msituambie mafuriko yetu ni "hali ya huko kwenu". Ni maji yenu, yametumika mara tano, yametufikia.

Haya si makosa ya bahati mbaya

Mnajua mwaka 1965 serikali iliandika karatasi ya sera, Karatasi ya Bunge Nambari 10, ikisema pesa za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa zaidi, kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha? Mvua! Nchi ilikaa chini ikaamua barabara yako itategemea mawingu yako. Aliyezaliwa penye mvua akapata lami, na kwa sababu ana lami akaonekana mchapakazi. Aliyezaliwa penye jua akapata kituo cha polisi, na kwa sababu hana lami akaonekana mzigo.

Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata maji safi. Kifungu cha 204 kikaanzisha hazina ya usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyosahaulika, kwa maji, barabara, afya na umeme. Pesa hizo zimekwama miaka na miaka. Nusu asilimia! Hata hiyo ilikuwa nzito kutoa mkononi.

Hata jua lenyewe wamelichukua. Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa wa megawati 50 ulizinduliwa Desemba 2019, na umeme wake unaingia gridi ya taifa. Wakati huo miji ya Wajir na Mandera ilikuwa inaendeshwa na jenereta za dizeli. Jua letu lina kazi Nairobi, sisi tunaskia harufu ya dizeli.

Na msidhani nawaachia wetu. Kaunti zimekuwa na pesa zao tangu 2013. Zaidi ya miaka kumi. Gavana wa kwetu anajua Jilaal kuliko mimi, amezaliwa ndani yake. Kama mpaka leo bajeti yako ya maji ni mabozi ya Februari badala ya visima vya Agosti, huwezi kumlaumu mkoloni peke yake. Unakula kwa sahani ile ile.

Maswali mnayoniulizaga

"Kwa nini wasihame?" Wanahama, ndugu yangu. Kuhama ndiyo teknolojia ya zamani zaidi ya kukabiliana na ukame. Unafuata mvua ilikonyesha. Tatizo ni kwamba njia zinafungwa, ranchi zinawekwa ua, na mfugaji akivuka mpaka wa kaunti anaitwa mvamizi.

"Kwa nini wasipunguze mifugo mapema?" Swali zuri, na jibu ni nani atanunua? Soko la mifugo la Garissa ni kati ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, lakini Oktoba hakuna anayekuja na pesa ya ziada kununua wanyama wazima kabla hawajakonda. Serikali huja kununua Machi, mifupa.

"Kwa nini wasilime?" Wanaolima kando ya Tana wanalima, embe na ndizi na tikiti mnazokula. Mafuriko yakija wanapoteza shamba pamoja na pampu. Mbali na mto, na milimita 300, utalima nini? Ngamia ndiye zao la hiyo ardhi.

"Si ni mabadiliko ya tabianchi? Serikali ifanye nini?" Ni kweli. Wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza ukame wa 2020 hadi 2023 na wakasema mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwe na uwezekano mkubwa zaidi, angalau mara 100. Lakini sikiliza unachosema. Kama dunia inazidi kupata joto, basi ukame mwingine uko njiani kwa hakika kuliko ule uliopita. Hiyo ni sababu ya kujipanga zaidi. Umeigeuza kuwa sababu ya kulala.

Tunachotaka

Moja. Pesa ifuate utabiri. Deyr ikitabiriwa mbaya mwisho wa Agosti, fedha za ukame zitoke Oktoba, kwa sheria, bila mtu kungoja kutangaza kwa televisheni. Hii si ndoto. Mpango wa HSNP umekuwa ukilipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera moja kwa moja kwa miaka mingi, na unaweza kuongeza malipo setilaiti ikionyesha nyasi zimekauka. Bima ya mifugo inayofuata rangi ya nyasi ilianza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010. Mashine iko. Inanyimwa mafuta.

Mbili. Mnunue wanyama wakiwa na nyama, Oktoba na Novemba. Mfugaji abaki na pesa na kundi dogo lenye nguvu.

Tatu. Visima na jenereta za maji zitengenezwe Hagaa. Fundi anayekuja Februari amekuja mazishini.

Nne. Vyuo na shule ziruhusu karo ya wafugaji ilipwe baada ya mvua. Mkulima wa chai anangojewa bonasi yake. Mtoto wa ngamia naye angojewe Gu.

Tano. Watu wa televisheni, hizo sekunde nne ongezeni ziwe ishirini. Tuambieni nyasi ziko wapi, lambo gani limekauka, maji ya Kiambere yamefika wapi. "Jua na joto" tunajiskia wenyewe.

Na wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa Umoja, Kondele, Likoni, Langas, sikuombi unga. Weka unga wako. Nakuomba Septemba moja tu. Utabiri wa Deyr ukitoka, ufungue. Ukiwa mbaya, muulize mbunge wako bajeti ya ukame imetoka au bado. Muulize tena Oktoba. Mapresha yote ambayo huwa mnayaweka kwa hashitegi mkiona mzoga, yaleteni miezi mitano mapema, wakati mnyama bado anatembea. Na nyinyi wenzangu wa kutengeneza vidio, mnaokuja kwetu Februari na droni kutafuta ng'ombe aliyelala vizuri kwa fremu, njooni Novemba mpige picha ya ofisi iliyofungwa.

Hashitegi ya Februari ni rambirambi. Ya Septemba ni presha. Sisi rambirambi tunazo za kutosha.

Shea hii kwa mtu mmoja ambaye bado anasema "nani angejua".